Delta, hori au mlango wa mto: uandike lipi?

Mito haifiki baharini kwa namna moja. Rufiji hupasuka ukawa mikono mingi kabla haujaonja chumvi. Pangani huteremka kwa njia moja tu, mji wa Pangani ukiwa ng'ambo hii na Bweni ng'ambo ile, kivuko kikienda na kurudi katikati. Kilifi mambo ni kinyume kabisa: bahari ndiyo iliyoingia bara, ikajaza bonde ambalo zamani lilikuwa la mto. Hali hizo ni tatu, na Kiswahili kina maneno matatu ya kuzitaja: delta, mlango wa mto na hori. Hata hivyo, katika taarifa za habari, vitini vya shule na tafsiri za ripoti, mara nyingi nakuta neno moja limebandikwa kila mahali, na aghalabu neno hilo ni delta, kwa sababu linasikika la kitaalamu.

Kosa hilo si dogo. Msomaji akiambiwa delta anatazamia visiwa vya tope, mikoko na mashamba ya mpunga. Akiambiwa hori anatazamia maji yenye kina na vyombo vilivyotia nanga. Ukimpa neno lisilo lake, umemchorea mahali ambapo hapapo.

Kwa mwenye haraka, jibu langu ni hili. Ikiwa hujapaona mahali penyewe wala hujatazama ramani, andika mlango wa mto, aghalabu hutakosea. Delta iandike pale tu unapojua kwamba mto umegawanyika na udongo wake umejenga nchi. Hori iandike pale bahari ilipoingia bara na maji yake kujaa na kupwa humo, mto uwepo au usiwepo. Kwa mwenye nafasi, kila neno lina safari yake, na safari hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini maneno haya hayabadilishani nafasi.

Delta

Delta ni herufi ya nne ya alfabeti ya Kigiriki, ile yenye umbo la pembetatu: Δ. Wagiriki waliozuru Misri waliona kwamba Nile, ukishapita kidogo mahali palipo Cairo leo, hugawanyika na mikono yake kutanuka hadi Bahari ya Kati, na nchi iliyobaki katikati ikawa kama herufi hiyo. Herodotus, aliyeandika katika karne ya 5 kabla ya Kristo, analitumia jina hilo kama jambo lililokwisha kuzoeleka kwa Wagiriki wenzake. Kwake halikuwa jina la aina ya ardhi, bali la nchi moja tu, sehemu ya chini ya Misri. Baadaye waandishi waliosimulia vita vya Aleksanda Mkuu wakalipeleka hadi mto Indus, ambao nao hugawanyika kabla ya kufika baharini. Hapo jina la mahali pamoja likaanza kuwa jina la kila mahali pa namna hiyo.

Chukua ramani yoyote ya leo uitazame Misri. Pembetatu imesimama kichwa chini: ncha iko kusini, Cairo, na kitako kiko juu, kwenye ufuko wa kilomita zipatazo 240 kutoka Aleksandria hadi Port Said. Ili herufi ikae sawasawa inabidi uielekee kusini, yaani uitazame nchi kama aionavyo mtu anayewasili kwa chombo kutoka baharini. Na ndivyo Wagiriki walivyowasili.

Zamani mikono ya Nile ilihesabiwa saba. Leo mikubwa imebaki miwili, wa Rashid upande wa magharibi na wa Dumyat upande wa mashariki. Herodotus hakuona umbo peke yake. Aliona pia kwamba ardhi yenyewe ililetwa na mto, tope juu ya tope, mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo tangu mwanzo neno limebeba mambo mawili kwa pamoja, maji kugawanyika na udongo kujenga, na sioni sababu ya sisi kulipunguzia mzigo huo. Mto uliogawanyika kidogo kuzunguka kisiwa cha mwamba haujafanya delta.

Liko jambo jingine kuhusu herufi hii ambalo msomaji wa Kiswahili atalifurahia. Wagiriki hawakuibuni, waliipokea kutoka kwa Wafoinike, mabaharia wa kale wa pwani ya Lebanoni ya leo, pamoja na jina lake. Jina hilo, dalet, katika lugha za Kisemiti lilihusu mlango, na hadi leo mlango kwa Kiebrania ni delet. Waarabu nao walibaki na dal, ile ile wanayoisoma watoto wetu katika chuo cha Kurani. Wagiriki walichukua sauti na umbo, maana ikaachwa njiani. Basi neno ambalo dunia nzima inalitumia kwa mahali mto unapotokea baharini, ukilichimba hadi mizizi, unakuta mlango. Na mlango ndilo neno ambalo Waswahili walilitumia wenyewe kwa jambo hilo hilo. Si kwamba lugha moja iliiga nyingine. Wagiriki waliangalia pembetatu tu, na Waswahili waliangalia njia ya kutokea.

Jinsi delta inavyojengeka ni rahisi kueleza, na ni vizuri anayeandika aielewe. Mto ukikaribia usawa wa bahari hupungua kasi. Maji yasiyo na kasi hayawezi kubeba mzigo, kwa hiyo huacha kwanza mchanga mzito, kisha tope laini. Mashapo hayo huinua sakafu ya njia mpaka njia yenyewe inajiziba, maji hutafuta upenyo mwingine pembeni, na mkono mpya unazaliwa. Mkono ulioachwa hudumaa, ukajaa mikoko. Rufiji tunayoijua ni kazi ya namna hiyo. Mikoko yake inazidi hekta 50,000, msitu wa mikoko mkubwa kuliko yote katika pwani ya Afrika Mashariki, na kwa karne nyingi boriti zake, pamoja na zile za Lamu, zilisafirishwa kwa majahazi hadi Uarabuni na Ghuba, kwenye nchi zisizo na miti ya kuezekea. Tangu 2004 delta hii, pamoja na bahari ya Mafia na Kilwa, imo katika orodha ya ardhioevu za Mkataba wa Ramsar.

Kwa sababu delta hujengwa, inaweza pia kubomolewa. Bwawa Kuu la Aswan lilipokamilika mwaka 1970, tope la Nile likabaki nyuma ya ukuta, na ufuko karibu na Rashid ukaanza kuliwa na mawimbi. Zambezi una historia inayofanana nayo: mabwawa ya Kariba, kisha Cahora Bassa, yaliyabadilisha mafuriko yaliyokuwa yakilisha delta yake huko Msumbiji. Rufiji sasa una bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa maji Desemba 2022. Anayeandika habari za bwawa hilo ana sababu nzuri ya kulitumia neno delta kwa maana yake kamili, kwa kuwa swali la wakulima na wavuvi wa Kibiti ni kama udongo utaendelea kufika. Neno mlango wa mto haliwezi kulibeba swali hilo.

Hori

Hori la bahari lina jamaa wa Kiarabu, khor, neno la mabaharia kwa mkono wa bahari unaoingia nchi kavu. Mji wa Dubai ulikua kandokando ya khor yake. Huko Dhofar, Oman, karibu na Salalah, kuna Khor Rori, na juu yake magofu ya Sumhuram, bandari ya kale iliyosafirisha ubani, ambayo tangu mwaka 2000 imo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Watu waliovuka kwa tanga kati ya pwani hizo na za kwetu walihitaji sana neno la mahali pa kujificha na upepo, na si ajabu likatumika pande zote mbili.

Asili ya mahori ya Kenya ni ya kustaajabisha. Miaka ipatayo 20,000 iliyopita, maji mengi ya dunia yalipokuwa yameganda kuwa barafu, bahari ilikuwa chini kuliko leo kwa zaidi ya mita 100. Mito ikachimba mabonde marefu kuifuata. Barafu ilipoyeyuka bahari ikapanda, ikayafuata mabonde hayo kwa ndani na kuyazamisha. Mtwapa, Kilifi na hori la Tudor la Mombasa ni mabonde yaliyozama. Ndiyo maana kingo zao ni za mwinuko, na ndiyo maana ndani kuna kina. Jina Kilindini linasema wazi: ni penye kilindi.

Hapo pana kipimo kizuri cha kutofautisha hori na delta, na hakihitaji utaalamu. Uliza meli. Hori huzipokea, vyombo vikubwa huingia na kutia nanga. Delta huzikwamisha, kwa sababu kazi yake ni kulundika tope mahali ambapo nahodha angetaka maji. Kipimo cha pili ni kutazama ardhi ya kandokando. Ikiwa tambarare, ya tope, isiyoinuka zaidi ya kimo cha mtu juu ya maji, elekea kwenye delta. Ikiwa ni ukingo wa mawe wenye nyumba juu na maji marefu chini, hilo ni hori.

Hori lina tatizo moja la kusomeka. Kwa watu wa bara, hori ni chombo cha kulishia ng'ombe, na wengi wamelijua kutoka Injili ya Luka, mtoto alipolazwa katika hori. Ukiandika "mradi utajengwa kandokando ya hori" kwa msomaji wa Dodoma au Eldoret, atatafuta zizi. Ushauri wangu ni kuandika hori la bahari mara ya kwanza, kisha hori tupu kuanzia hapo. Usiliache neno kwa kuhofia kutoeleweka na kukimbilia maelezo marefu yasiyo na jina. Ni neno letu, ni fupi, na hakuna jingine linalotosha pale.

Mlango wa mto

Hili ndilo neno lenye nafasi pana kuliko yote, na ndilo ninalolipendekeza liwe la kwanza kumjia mwandishi. Linasema mahali tu: hapa mto unatokea. Halidai kwamba kuna visiwa vya tope, halidai kina.

Sifa yake kubwa ni kwamba mlango hupitwa kutoka na kuingia, na mito ya pwani yetu iko hivyo hivyo. Bamvua ikija, yaani siku za maji kujaa na kupwa kuliko kawaida, tofauti ya maji kujaa na kupwa katika pwani hii hufikia mita 3 hadi 4, na bahari hupanda ndani ya mto. Pangani ni mfano unaoonekana kwa macho. Maji baridi yamepungua kwa sababu ya mabwawa na umwagiliaji huko juu, chumvi ikapata nafasi ya kupanda zaidi, na wakulima wa kandokando wanalalamikia minazi na mashamba yaliyoharibika. Warumi walipaita mahali pa namna hii aestuarium, kutokana na aestus, neno lao la mchemko na la kujaa kwa maji. Lugha kadhaa za Ulaya zimelirithi. Mfasiri akikutana na neno hilo, kamusi zitampa mlango wa mto, na mimi nakubaliana nazo maadamu mto bado una nguvu. Mto ukiwa umebaki kijito na bahari ndiyo mwenye nyumba, hori linafaa zaidi.

Mdomo wa mto je? Linaeleweka, na limo katika maandishi mengi. Sitamsahihisha mtu kwa hilo, lakini nikipewa nafasi ya kuchagua nachagua mlango. Mdomo hutufanya tufikirie kumeza, na hapa mto haumezi, unatoka.

Tahadhari moja kwa wafasiri: usiligeuze likawa mlango wa bahari au mlangobahari. Hilo lina kazi nyingine, ni njia nyembamba ya maji kati ya nchi mbili, kama Mlangobahari wa Gibraltar. Nimeona ripoti moja ya mazingira ikiyachanganya yote mawili katika ukurasa mmoja, na msomaji asiyejua jiografia hana namna ya kujinasua.

Mito inayosumbua

Sabaki. Huu ni mto wenye majina matatu: Athi unapotoka nyanda za juu karibu na Nairobi, Galana baada ya kuungana na Tsavo, Sabaki unapokaribia Malindi. Hubeba udongo mwingi mno, hata bahari ya Malindi hugeuka rangi ya kahawia msimu wa mvua. Kwa wingi wa mashapo ungetazamia delta. Lakini mawimbi na mikondo ya pwani huuchukua udongo na kuutandaza ufukoni kabla haujapata kutulia, kwa hiyo pana mchanga mwingi na mto mmoja. Andika mlango wa Sabaki.

Kongo. Ni mto wa pili duniani kwa wingi wa maji, wa kwanza ukiwa Amazon. Humwaga mita za ujazo zipatazo 40,000 kila sekunde. Mtu akisikia hivyo husema delta bila kufikiri. Kumbe hakuna. Chini ya bahari, korongo refu huanzia ndani ya mlango wenyewe, na mashapo huteremka humo hadi vilindini badala ya kujenga visiwa. Meli za baharini huingia kwa mto huu hadi Boma na Matadi. Kipimo cha meli kinatosha kuamua: mlango wa mto.

Tana. Hapa delta ni halali kabisa, na imo katika orodha ya Ramsar tangu 2012. Isipokuwa angalia unapotaja mahali mto unapomalizikia. Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belezoni kuunganisha Tana na mto Ozi, maji yakapenda njia hiyo mpya, na leo Tana hutokea Kipini. Kwa hiyo "delta ya Tana" ni eneo lote la vinamasi, malisho na mpunga, na "mlango wa Tana" ni Kipini.

Rusizi. Mto huu hutoka Ziwa Kivu, ukapita mpakani mwa Kongo, Rwanda na Burundi, ukaingia Ziwa Tanganyika karibu na Bujumbura. Hakuna bahari wala chumvi, lakini umegawanyika mikono miwili, Rusizi kubwa na Rusizi ndogo, na umejenga tambarare la tope lenye viboko na mamba. Delta haihitaji bahari. Inahitaji maji yaliyotulia. Warundi wanasema delta ya Rusizi, na wako sahihi. Okavango wa Botswana unaenda mbali zaidi, kwa kuwa haufiki baharini wala ziwani, hunywewa na mchanga na jua. Ni delta, UNESCO iliiandikisha hivyo mwaka 2014, na hapa ndipo mlango wa mto usipofaa hata kidogo, kwa sababu mto hautokei popote.

Unapohitaji maneno mawili kwa pamoja

Uchaguzi si lazima uwe wa kutupa moja na kubaki na jingine. Delta moja ina milango mingi, na Rufiji ina kisa kinacholionyesha hilo vizuri kuliko maelezo. Septemba 1914, mwanzoni mwa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Zanzibar, kisha ikajificha ndani ya Rufiji. Waingereza waliigundua mwishoni mwa Oktoba, lakini hawakuweza kuifikia, kwa kuwa manowari zao kubwa zisingepita kwenye tope. Novemba wakaizamisha kwa makusudi meli ya makaa, Newbridge, ili kuziba mkono mmoja. Mikono mingine ilibaki wazi, wakalazimika kuweka ulinzi nje ya milango kwa miezi. Mwishowe walileta manowari mbili zisizozama sana majini, Severn na Mersey, na ndege za kuelekeza mizinga, na tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ikaisha. Mizinga yake kumi ilitolewa majini ikapigana nchi kavu.

Jaribu kusimulia kisa hicho kwa neno moja. Ukisema manowari ilijificha katika mlango wa Rufiji, inaonekana kama iliegeshwa hadharani. Ukisema Waingereza waliilinda delta, haieleweki walisimama wapi. Sentensi inayosimama ni hii: ilijificha ndani ya delta, nao wakailinda milango yake.

Kwa ngeli, delta ni ya i-/zi-: delta ya Rufiji, delta za Afrika. Hori la bahari ni la li-/ya-: hori la Kilifi, mahori ya Mombasa. Na jina rasmi lililokwisha kuandikwa, kama kaunti ndogo ya Tana Delta, liache lilivyo hata kama mpangilio wake si wa Kiswahili. Unachoweza kurekebisha ni maelezo yako yanayolifuata.